Mama Flashi, Mpiga Picha Aliyevaa Maharage Kabla ya Kununua Kamera

Tk.

Ni sauti ndogo ya bizimu ya plastiki ikiingia mahali pake, lakini ndani ya chumba chenye giza, ambamo watu wawili bado wamelala, inasikika kana kwamba mtu amevunja njiti ya kiberiti. Kimya. Halafu tena, tk, inafunguliwa. Tk, inafungwa.

Saa kumi na moja alfajiri, Mama Flashi amesimama katikati ya chumba bila kuwasha taa. Anajifunga mkanda unaopita juu ya bega la kushoto na kushuka hadi kwenye nyonga ya kulia. Anaichomoa kamera kutoka kwenye kipochi chake, anaileta jichoni, anairudisha. Hatazami chini. Mkono unaijua njia yenyewe, kama unavyojua njia ya kwenda kwenye mtungi wa maji mtu akiwa na usingizi.

"Kila siku ya kazi nafanya hivi kwanza," ananong'ona, asije akamwamsha binti yake wa miaka minne, ambaye amejitandaza kitanda kizima huku nyayo zake zimemkaa baba yake mbavuni. "Kule hakuna muda wa kupapasapapasa. Bibi harusi akicheka, amecheka. Humwambii acheke tena."

Anasogea dirishani na kusubiri. Mwanga wa kwanza unaingia taratibu, unaugusa ukingo wa beseni, unapanda kwenye kiti chenye nguo zilizokunjwa, unamfikia mtoto kwenye kisigino. Mama Flashi anasema hii ndiyo saa anapoziona picha za siku nzima kabla hazijapigwa. Zinapita mbele yake bila sura, rangi tu na mahali watakaposimama watu, na mara nyingi, anasema, hazikosei sana.

Mezani kuna kamera nyingine. Ni kubwa, nyeusi, ina lenzi nene kama mkono wa mbeba mizigo. Hii haiingii kwenye kipochi. Ina mkanda wake mpana wenye maandishi, wa kuvaa shingoni, watu waone. Nyumbani wanaiita Bwana Mkubwa, na habari zake zinakuja.

Jina la Mama Flashi alipewa na watoto wa mtaani kwake, enzi alipokuwa anajifunza kazi na kuwachoma macho kila wanapopita. Siku hizi flashi anaiwasha kwa nadra, ila jina limeshamganda, na hata mama mkwe wake hulitumia anapomhitaji kwa haraka.

Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, akimbebea taa mjomba wake aliyekuwa na studio ya pazia la bluu na viti viwili vya kuzunguka. Mjomba alimfundisha kupima mwanga kwa kuangalia kiganja chake mwenyewe. Alimfundisha pia kwamba mteja hulipa kile anachokiona kifuani mwa mpiga picha, kwa hiyo siku atakayonunua kamera yake, anunue kubwa. Akanunua kubwa. Akaongeza lenzi mbili, moja ya kuvuta mbali na moja ya vyumba vidogo, na begi la kuvibeba vyote. Mzigo mzima ulikaribia kilo saba, na kwa miaka kumi na moja uliishi kwenye bega lake la kulia.

Aliyegundua kwanza kwamba kuna jambo hakuwa yeye wala mumewe, ambaye ni fundi wa friji na mtu wa kugundua mambo polepole. Ni wifi yake, mdogo wa mumewe, fundi wa mikoba anayeishi chumba cha pili akiwa na cherehani dirishani. Kila blauzi aliyomshonea ilikuwa inakaa upande. Akafumua, akashona upya, ikakaa upande. Mwishowe akamsimamisha mbele ya mlango, akampima mabega kwa futi yake, akamwambia nguo haina kosa, ni yeye ambaye bega lake moja limehama nyumba bila kuaga.

Walicheka. Mwezi uliofuata, akiwa anaanika mashuka, mkono wa kulia ukagoma kupanda. Ukafika usawa wa kidevu, ukasimama hapo hapo, kama mkono wa mtu mwingine.

Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba mishipa ya bega imechoka. Akiendelea kubeba mzigo ule kila wiki, itafika siku hatamwinua hata mtoto wake. Apunguze uzito au aachane na kazi.

"Nilicheka pale mbele ya daktari, nikamwambia sawa, nimeelewa, asante sana," anakumbuka. "Nilipofika chooni ndipo nikalia. Niliwasha bomba ili watu wasinisikie."

Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ni mtu anayefahamiana na watu. Akamtafutia nafasi kwenye ofisi inayopiga picha za vitambulisho. Kamera imefungwa kwenye stendi, ukuta mweupe, kiti kimoja, mshahara kila mwisho wa mwezi, hakuna kubeba hata kalamu. Siku aliyokwenda kuitazama, Mama Flashi alimkuta mpiga picha anayeondoka akiwaambia watu mmoja baada ya mwingine: tazama hapa, usicheke. Anayefuata. Tazama hapa, usicheke.

Shemeji alikuwa amemwahidi kuishikilia nafasi ile hadi mwisho wa mwezi uliokuwa ukija, basi, baada ya hapo atapewa mwingine. Na kama asingepata njia ya kuendelea kupiga picha za sherehe kwa bega lile, Mama Flashi alijua angeikubali, maana kodi ya nyumba haisubiri mtu apone.

Wazo la kamera ndogo lilitoka kwa mteja mmoja msafiri aliyekuwa na kakamera kanakoingia kwenye mfuko wa koti. Ni zile kamera zisizo na kioo. Katika kamera za zamani mna kioo kidogo ndani ambacho kila picha inapopigwa huruka juu na kurudi, ndiyo ile sauti ya kwachu, na ndiyo sababu mwili wake lazima uwe mnene. Hizi mpya hazina kioo hicho. Zimekuwa nyembamba, nyepesi, na ukitaka zinapiga kimya kabisa, mtu asijue.

Akaenda duka la kamera zilizotumika, akamchukua wifi kwa ajili ya kumpa moyo. Muuzaji alikuwa mkarimu na mwenye maneno mengi. Aliwapangia kamera tatu kwenye kitambaa cha kijani na kuanza kueleza nukta za picha, kasi ya hiki, nguvu ya kile. Wifi alisikiliza mikono ikiwa kiunoni, kisha akauliza swali moja tu, hizi ni nzito kiasi gani.

"Nyepesi tu, dada yangu. Hutazisikia."

"Nyepesi ya asubuhi," wifi akamuuliza, "au nyepesi ya jioni?"

Muuzaji akacheka, akawaletea mizani. Wifi akapima moja moja na lenzi yake, akazilaza juu ya karatasi ya kaki na kuzungushia penseli, akachukua urefu na kina kwa futi, kama anayempima mtu suti. Wakaaga bila kununua kitu.

Wifi ana utaratibu wake, na ameutumia kwa wanafunzi, mafundi umeme na hata mkunga mmoja. Kabla ya kumshonea mtu mkoba humtengenezea mfuko wenye uzito wa kile atakachobeba, akamwambia aende nao, aishi nao, kisha arudi aseme unamuuma wapi. Anasema watu wananunua kitu kwanza halafu ndipo wanatafuta cha kukibebea, mwishowe kitu kizuri kinalala kabatini kwa sababu mkanda wake unakata shingo.

Basi akashona vifuko vitatu, kila kimoja umbo la kamera yake. Cha kwanza kilikuwa bapa kama kipande cha sabuni. Kamera hiyo haina kitundu cha kuchungulia, unatazama skrini ya nyuma tu, na juani skrini hufifia usione kitu. Cha pili kilikuwa na kinundu kidogo juu na mahali pa vidole kushika. Cha tatu ndicho kamera aliyoisifia sana muuzaji, mwili wake mdogo vilevile, ila lenzi zake nene kama vikombe, hata ukiining'iniza inainamisha kichwa kama mtu anayesinzia. Akavijaza mchanga, akapima, akashona midomo.

Mama Flashi akaanza kuvaa mchanga. Alipika nao, akafua nao, akachuchumaa nao chini ya vitanda kama anavyochuchumaa kwenye sherehe akitafuta picha za viatu. Kifuko cha kwanza siku mbili, cha pili siku mbili, cha tatu siku mbili. Jirani akauliza kama ni dawa. Mtoto wake akaamua kwamba vile ni vichanga, kila kifuko kilichovuliwa akakilaza kwenye mto, akakifunika, akawakataza watu wazima kuongea kwa sauti.

Mwisho wa wiki, matokeo yaliwashangaza wote. Kamera ya tatu, ile nzito, ndiyo iliyolipendeza bega. Haikumuuma hata kidogo. Akashika simu ampigie muuzaji.

Wifi akasema subiri. Alikuwa amekiokota kifuko cha tatu kutoka kwenye mto wa mtoto, na mkono wake, uliokwisha kupima mikoba mingi, ukakataa. Akakirudisha kwenye mizani. Kilikuwa kimepungua kwa kiasi cha chungwa zima.

Ule mchanga aliuchota kwenye rundo la mafundi wa ujenzi, asubuhi baada ya mvua. Ulikuwa umelowa. Siku alipoupima ulikuwa na uzito wa kamera na maji. Wiki nzima ukawa unakauka taratibu juu ya mwili wa Mama Flashi, na kifuko kilichovaliwa mwisho ndicho kilichokauka kuliko vyote.

"Wifi yangu," fundi wa mikoba akamwambia Mama Flashi akiwa amekaa sakafuni, machozi ya kicheko yakimtoka, "ulikuwa unachumbiana na hewa."

Wakaanza upya na maharage makavu, na kokoto chache zilizooshwa pale ambapo uzito ulikuwa haujatimia. Mumewe aliporudi kutoka kazini akauliza maharage yaliyokuwa kwenye kopo yako wapi, akajibiwa yamevaliwa. Hakuuliza tena. Alikula alichokikuta.

Safari hii kamera ya tatu ilimtesa kuanzia siku ya kwanza. Ile bapa ilikuwa nyepesi kuliko zote, lakini vidole havikuwa na pa kushika, na mkono usiposhika vizuri, bega hukaza bila mtu kujua. Ya kati ilikaa. Anasema jioni ya siku ya pili alimbeba mtoto kutoka kwa jirani hadi nyumbani, mlango ukafunguliwa, mtoto akalazwa, na ndipo akakumbuka kwamba ana kifuko kiunoni.

Aliuza kamera kubwa na lenzi zake zote. Akanunua ile ya kati, lenzi fupi isiyovuta, nyingine ya kuvuta kidogo, na betri tatu za akiba, kwa sababu kamera ndogo zina njaa ya betri na hakuna aibu kama kuzimikiwa wakati wa kukata keki. Pamoja na lenzi yake fupi, kamera ile haifiki kilo moja.

Mkanda alioshonewa na wifi ni kazi ya kutazamwa. Ni mpana begani na mwembamba kifuani, na uzito wake mwingi umeshushwa kwenye ukanda wa kiunoni, palipo kipochi. Kipochi kinafungukia upande wa mwili, ili katika msongamano usiingie mkono wa mtu. Hakina zipu, kwa kuwa zipu hukwaruza kamera. Hakina ule mkanda wa kunata unaolia krrr kama kitambaa kinachochanwa, kwani ukifunguliwa watu wakiwa kimya, ukumbi mzima unageuka. Kina kifuniko na bizimu moja. Ndani, bitana ni blanketi la utotoni la binti yake, lile la manjano, ambalo Mama Flashi alikuwa hana moyo wa kulitupa.

Bega likaanza kutulia. Kilichobaki ni watu.

Sherehe ya kwanza aliyokwenda na kamera ndogo, shangazi wa bwana harusi alimpita mara mbili akiulizia mpiga picha yuko wapi. Alipoambiwa ndiye huyu, aliitazama kamera kwa huruma na kuuliza hiyo si ya watoto. Sherehe ya pili walimpigia siku moja kabla, wakamwambia wamepata mtu mwenye vifaa. Ya tatu vivyo hivyo. Harusi moja ndogo humlipia karibu kodi ya mwezi. Zilizomponyoka zilikuwa mbili, na mwisho wa mwezi alioahidi shemeji ulikuwa unasogea.

Ndipo mjomba akamleta Bwana Mkubwa. Ilikuwa kamera yake ya zamani, imekufa siku nyingi, lenzi zake zimeota ukungu. Wifi akaifungua kwa bisibisi, akatoa matumbo yote na vioo vyote vya lenzi, akaacha ganda lenye tundu mbele na nyuma, jepesi kama kibuyu. Shauri la mjomba lilikuwa rahisi: ganda likae kifuani, kazi ifanywe na ndogo.

Ilifanya kazi kiasi cha kutisha. Mashangazi wakatulia. Wageni wakampisha njia. Wifi akawa anamtania kwamba amepata mume wa pili, mnene, hasemi, hali, na anaheshimiwa kuliko wa kwanza.

Lakini Mama Flashi hakuwa na furaha. "Nikizirudia picha nyumbani, naona watu wamekuwa mbao," anasema. "Wanamwona Bwana Mkubwa, wananyoosha mikono ubavuni, wanakaza shingo. Nikawa najiuliza, sasa hii na ile ya usicheke zina tofauti gani?"

Harusi ya asubuhi hii ni ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule alioutaja shemeji. Mama wa bibi harusi ni mwanamke mrefu mwenye mabinti wengine watatu nyumbani na mdomo unaosikilizwa mtaa mzima. Akikusifu, umepata kazi ya mwaka, akinuna, bora uhame. Kwenye simu aliuliza mara tatu kama kamera ni kubwa, na mara tatu Mama Flashi akamjibu anayo kubwa. Halafu akamwomba jambo moja. Mama yake mzazi, bibi wa bibi harusi, amekula chumvi nyingi na hana hata picha moja ambayo hakuziba mdomo kwa mkono. Zote, tangu ujana. Anataka picha ya mama yake isiyo na mkono. Akimpatia hiyo, nyingine zitoke zitakavyotoka.

Nyumba imejaa watu tangu asubuhi. Chumba cha bibi harusi kina harufu ya pasi ya moto na manukato, kitanda kimefunikwa na magauni, na kwenye kona, kando ya dirisha, amekaa Bibi kwenye kiti cha plastiki, amevaa vizuri, ametulia kama aliyeletwa kungoja dawa. Anamwona Bwana Mkubwa akiingia mlangoni. Mkono unapanda mdomoni, unakaa hapo.

Mama Flashi anajaribu kila analolijua. Anapiga wengine, anamwacha. Anachuchumaa. Anamwomba mjukuu amshike mikono yote miwili bibi yake, na Bibi anainamisha uso begani mwa mjukuu. Mama wa bibi harusi anaingia na kutoka, na kila akiingia anatazama, na kila akitoka uso wake umekunjamana zaidi.

Basi Mama Flashi anafanya kitu ambacho hakukipanga. Anamvua Bwana Mkubwa, anamweka juu ya magauni kitandani, anasogea dirishani na kusimama tu. Mwanga umefika kwenye magoti ya Bibi. Kamera ndogo iko kiganjani, chini, karibu na tumbo. Mkono wa Bibi unashuka kidogo, kama pazia lililolegea.

"Mbona umeiweka chini?" Ni mama wa bibi harusi, mlangoni. "Mimi nimelipia hiyo kubwa."

Bibi harusi, pini mdomoni, anageuza shingo. Mkono wa Bibi umerudi mahali pake.

Mama Flashi anasimulia kwamba pale alimwona akilini yule mtu wa ofisi ya vitambulisho wazi kabisa, na ukuta mweupe nyuma yake, na kiti. Angeweza kusema betri imeisha. Angeweza kusema anaipumzisha. Badala yake akamchukua Bwana Mkubwa, akamkabidhi mama wa bibi harusi mikononi.

"Mama, nisamehe. Hiyo haina kitu ndani. Naibeba watu waniamini. Picha zote natumia hii."

Mwanamke yule akaipima mkononi. Wepesi wake ukamshtua, akakaribia kuirusha juu. Akaigeuza, akatia kidole kwenye tundu la mbele, kidole kikapita. Akaiinua usoni, akafunga jicho moja, na kupitia ganda lile tupu akatazama chumba: dirisha, magauni, binti yake mwenye pini mdomoni, mama yake kwenye kiti cha plastiki. Alikaa hivyo kwa muda ambao Mama Flashi aliuona mrefu kama foleni ya hospitali.

Kisha, bila kuliondoa ganda jichoni, akapiga hatua mbili mbele, akachutama kwa gauni lake la sherehe, mwanamke mzima mwenye cheo, akamwelekezea mama yake tundu tupu.

"Haya, Mama," akasema kwa sauti ya wapiga picha. "Tazama hapa. Kwachu!"

Bibi akamtazama binti yake. Akalitazama tundu, ambamo jicho la binti yake lilikuwa linapepesa kama la kuku. Mabega yakaanza kutikisika. Mkono ukaanza kupanda, ukafika kifuani, ukasahau ulikokuwa unakwenda, ukaanguka pajani na kulipiga paja.

Dirishani, bila sauti yoyote, Mama Flashi alikuwa anafanya kazi.

Walipokwenda ukumbini, mama wa bibi harusi alikataa kumrudisha Bwana Mkubwa. Alimvaa yeye mwenyewe shingoni, akawa anazunguka meza hadi meza akiwapigisha ndugu zake kwachu, kaka zake wanene wakijipanga na kukunja nyuso, kisha wakigundua na kupasuka kwa kicheko. Kila walipopasuka, mwanamke mdogo mwenye ukanda kiunoni alikuwa kando kidogo, upande wa mwanga, na hakuna aliyekuwa anamtazama. Shangazi mmoja ndiye aliyelalamika kwamba amepigwa picha tisa na hata moja haioni kwenye skrini.

Leo ni Jumapili mchana. Mama Flashi amekaa kwenye mkeka na kompyuta aliyoazima kwa mjomba, anachagua picha, na wifi anashona dirishani. Amekwisha kumpigia shemeji kumshukuru na kumwambia ile nafasi ampe mwenye kuihitaji. Shemeji alinung'unika kidogo kuhusu watu wasiopenda mshahara, halafu akauliza kama ana nafasi ya kumpigia picha mwanawe siku ya mahafali. Mama wa bibi harusi naye ametuma ujumbe asubuhi kwamba lile ganda halirudi, limeshakuwa mali ya familia, na kwamba binti yake wa pili anaolewa kabla ya mwaka kwisha.

Mpango wake sasa ni jioni moja kwa wiki, hapa hapa chumbani, kwa kina mama wanaotaka kujifunza kupiga picha na hawana pa kuwaacha watoto. Waje nao. Yeye atafundisha mwanga. Wifi atafundisha kubeba. Vifuko vya maharage vimefuliwa na kujazwa upya, na yeyote anayetaka kununua kamera ataazimwa kimoja kwa wiki nzima, bure, na kifuko cha nne kinakatwa sasa hivi, kwa ajili ya mkunga yule yule, ambaye ameanza kutamani kuwapiga picha watoto anaowapokea.

"Nataka binti yangu akue akijua kwamba kazi inaweza kukukaa mwilini kama nguo uliyoshonewa," anasema. "Mimi nimechelewa kujua, lakini nimejua."

Mlango unasukumwa. Binti anaingia kutoka kucheza, miguu imejaa vumbi, anapanda mapajani kwa mama yake bila kuomba ruhusa na kutazama kile kinachotazamwa. Picha moja imejaza skrini yote. Ni mwanamke mzee kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha, kichwa amekitupa nyuma, mikono yote iko chini, mwanga umemwagika usoni mpaka ndani ya mdomo uliofunguka kwa kicheko.

Cherehani inasimama. Mtoto anasogeza uso karibu, anatazama kwa makini, anatia kidole kwenye skrini.

"Huyu bibi ana jino moja."